Kipimo cha Mimba na Siri ya Mpimwaji

Miezi michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari huko Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, mahali ambapo mzungumzaji hulazimika kunyamaza kila ndege inaporuka, mpaka muungurumo wake upungue. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo juu ya homoni. Wanafunzi walinisikiliza kwa adabu na kupiga makofi, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza swali. Mwalimu wao wa biolojia alikuwa amelitazamia jambo hilo. Alileta sanduku la chaki lililotobolewa tundu juu, akawagawia wote vipande vya karatasi vya ukubwa mmoja, wavulana kwa wasichana, akamtaka kila mmoja aandike neno lolote, hata kama ni salamu tu, ili isijulikane nani ana swali na nani hana.

Salamu zilikuwa chache. Mmoja aliuliza kama mtu aweza kupata mimba siku ya kwanza ya kukutana na mwanamume. Mwingine aliuliza kama ni kweli dawa ya meno hupima mimba. Wa tatu aliandika kwamba siku zake zimechelewa majuma mawili lakini pia mitihani imekaribia, je, ni mitihani au ni jambo jingine? Na katika karatasi moja, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na maneno haya: "Nikipimwa zahanati, shule itaambiwa?"

Kabla sijaondoka mwalimu mmoja, siye yule wa biolojia, alinivuta kando akaniomba karatasi hiyo ya mwisho. Alitaka kuulinganisha mwandiko na ule wa madaftari. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Huenda alitaka kumsaidia mwandishi wake. Nilimjibu kwamba aliyeandika alitumaini hatajulikana, na kwamba karatasi zote nitaondoka nazo. Makala haya yametokana na karatasi hizo.

KINACHOPIMWA

Yai la mwanamke likikutana na mbegu ya kiume katika mrija wa falopio, mwili haupati habari yoyote siku hiyo, wala kesho yake. Yai lililorutubishwa husafiri polepole huku likijigawa, hadi lifike katika mji wa mimba na kujipachika katika ukuta wake. Jambo hili hutokea kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai lilipotoka katika ovari. Ndipo chembehai za nje, zile zitakazojenga kondo la nyuma, huanza kutoa homoni ambayo maabara huiandika kwa kifupi hCG.

Kazi ya homoni hiyo ni kuiambia ovari iendelee kutoa projesteroni. Projesteroni ikikoma, ukuta wa mji wa mimba hubomoka na hedhi hutoka. Kwa hiyo hCG ni kama mpangaji mpya anayewahi kumwomba mwenye nyumba asiibomoe nyumba. Homoni huingia katika damu, huchujwa na mafigo, na sehemu yake hutoka kwa mkojo. Katika majuma ya mwanzo kiasi chake huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Hufikia kilele kati ya juma la 8 na la 11 tangu hedhi ya mwisho, kisha hupungua.

Kutokana na maelezo haya msomaji atatambua kwa nini msichana anayepima siku tatu baada ya tendo hupoteza fedha zake. Homoni haijatengenezwa bado. Wakati unaofaa ni kuanzia siku ile ambayo hedhi ilitazamiwa lakini haikuja. Kwa yule ambaye siku zake hazina mpangilio, ni heri angoje majuma matatu tangu tendo lenyewe. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa sababu haujachanganyika na maji mengi ya kunywa. Jibu likiwa hakuna mimba, na hedhi isije bado, apime tena baada ya juma moja.

CHURA WA AFRIKA

Hadithi ya namna homoni hii ilivyoanza kupimwa yafaa kusimuliwa darasani, maana imepita barani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek huko Berlin walikuwa wakidunga mkojo wa mwanamke katika panya wachanga wa kike, kisha baada ya siku kadhaa kuwachinja na kuzitazama ovari zao. Mwaka 1931 Maurice Friedman na mwenzake wa Marekani walitumia sungura. Kwa kila jibu moja ilibidi mnyama afe.

Wakati huohuo Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alikuwa akichunguza chura wa majini wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus, mwenye kucha nyeusi katika miguu ya nyuma. Jamaa zake wa karibu wanaishi hata Tanzania, katika madimbwi na mabwawa. Iligunduliwa kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito chini ya ngozi hutaga mayai kabla ya siku moja kupita. Hapakuwa na haja ya kumuua. Baada ya kupumzika aliweza kutumika tena. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960 maelfu ya vyura hao walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani, wakakaa katika mabirika ya hospitali wakingoja mkojo wa watu wasiowajua.

Jambo moja katika historia hii halisemwi sana. Kipimo cha chura kilikuwa chini ya maabara, na maabara ilimjibu daktari aliyeuleta mkojo. Mwanamke mwenyewe alikuwa mtu wa mwisho kupata habari za mwili wake, tena kama daktari aliona inafaa. Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji wa vifurushi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliona safu za mirija ya majaribio katika maabara ya kampuni, akauliza kwa nini mwanamke asijipime mwenyewe nyumbani. Alitengeneza kisanduku cha plastiki chenye mrija na kioo kidogo. Wakubwa zake walipinga kwanza. Waliogopa kuwaudhi madaktari waliokuwa wateja wao. Hata hivyo kipimo hicho kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na vipimo vya nyumbani vikafika katika maduka ya Marekani mwaka 1977. Kwa hiyo swali la yule mwanafunzi wa Kiwalani, la nani apewe jibu, ni la zamani kuliko anavyodhani.

MISTARI MIWILI

Kijiti kinachouzwa leo katika maduka ya dawa kilitokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein, ambao mwaka 1975 huko Cambridge walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu kwa wingi, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984. Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja maalumu na kuviacha vingine, kama ufunguo na kufuli yake. Vijiti vya hatua moja vilianza kuuzwa mwaka 1988.

Ndani ya kijiti mna ukanda unaonyonya mkojo na kuupandisha, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Mwanzoni mwa ukanda pamewekwa kingamwili zilizofungamanishwa na chembe ndogo mno zenye rangi, mara nyingi za dhahabu, ambazo zikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu. Mkojo hupanda nazo. Kama mna hCG, kingamwili hizo huishika. Mbele yake, kwenye alama T, kingamwili nyingine zimegandishwa zikingoja, nazo huishika homoni ileile kwa upande wake wa pili. Homoni hubanwa katikati, chembe za rangi hukusanyika, na mstari hutokea. Pasipo homoni, rangi hupita bila kuzuiwa.

Mstari wa pili, kwenye alama C, hutokea mimba iwepo au isiwepo. Huo unaonyesha tu kwamba mkojo umefika mwisho na kwamba kijiti ni kizima. Mstari wa C usipotokea, kijiti kitupwe na jibu lake lisiaminiwe, hata kama T imeonekana. Mstari wa T ukiwa hafifu lakini umetokea katika muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo, huhesabiwa kuwa ni mstari. Ukitokea baada ya muda huo kupita, mathalani kijiti kilipoachwa usiku kucha, haufai kusomwa.

Kijiti kikitumiwa kwa wakati wake hukosea mara chache. Kosa la kawaida ni kupima mapema mno. Kosa la kinyume chake, la kuonyesha mimba isiyokuwapo, ni adimu zaidi: laweza kutokea kwa mtu aliyezaa au aliyeharibikiwa na mimba majuma machache yaliyopita, na mara nyingine kwa sababu ya uvimbe unaotoa homoni hiyohiyo. Ndiyo maana mistari miwili haimalizi safari. Muuguzi au daktari hana budi kuithibitisha. Na yeyote mwenye mistari miwili anayepata maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kutokwa damu au kizunguzungu, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, kwani mimba yaweza kuwa imejipachika nje ya mji wa mimba, na mrija ukipasuka damu humwagikia ndani.

DAWA YA MENO, CHUMVI NA SUKARI

Swali la dawa ya meno lilinifurahisha, maana lilitupatia kazi ya maabara. Niliporudi juma lililofuata tulijaza vikombe kwa maji matupu, maji ya limau, na siki, tukatia dawa ya meno katika kila kimoja. Limau na siki vilitoa povu. Sababu ni kwamba dawa nyingi za meno zina kalisi kaboneti, na asidi ikikutana na kaboneti hutoa gesi ya ukaa. Mkojo wa mwanadamu kwa kawaida una asidi kidogo, uwe wa msichana, wa mvulana au wa mwalimu mkuu. Mvulana mmoja alikuwa amefanya jaribio hilo kwake kwa mkojo wake mwenyewe, akaieleza klabu nzima kwamba kwa kipimo hicho yeye ni mjamzito. Chumvi na sukari zinazotajwa mitaani hazina hata povu hilo la kudanganyia.

Kuhusu siku ya kwanza: ndiyo, aweza. Yai halijui kama ni mara ya kwanza au ya kumi. Mbegu ya kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, na yai huishi kiasi cha siku moja tu, hivyo tendo la Jumatatu laweza kuleta mimba Ijumaa. Isitoshe, yai la kwanza katika maisha ya msichana laweza kutoka kabla ya hedhi yake ya kwanza. Kwa hiyo hata asiyewahi kuona mwezi hana kinga.

Na aliyeuliza juu ya mitihani hakukosea kuuliza. Miaka miwili au mitatu baada ya hedhi ya kwanza, mawasiliano kati ya ubongo, tezi ya pituitari na ovari hayajatulia. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida kwa umri huo. Wasiwasi, ugonjwa, kukonda na mazoezi mazito huweza kuichelewesha hedhi. Lakini kama tendo limetokea, mitihani isitumiwe kuwa kisingizio cha kutopima. Wasiwasi wenyewe huweza kuichelewesha hedhi, na hedhi ikichelewa huongeza wasiwasi. Njia fupi ya kuutoka mzunguko huo ni kupata jibu.

MKONO JUU YA TUMBO

Sasa nifikie jambo ambalo wengi wetu tulikulia nalo. Kwa miaka mingi katika shule nyingi za Tanzania wasichana walipangwa mstari, mara nyingi mwanzoni mwa muhula, wakapapaswa matumbo au kutolewa mkojo, na jibu likapelekwa ofisini. Tuliache kwanza suala la heshima, tuulize kama mwanasayansi: je, njia hiyo hupima?

Mji wa mimba hukaa ndani ya nyonga. Hauguswi juu ya mfupa wa kinena mpaka karibu juma la 12, na hufika kwenye kitovu karibu juma la 20. Mkono unaopapasa tumbo kabla ya hapo haugusi kitu, hata uwe wa mkunga hodari. Maana yake ni kwamba majuma yote ambayo msichana angenufaika na ushauri, chanjo, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, hupita bila mkono huo kujua lolote. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kwamba mjamzito afike kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya majuma 12. Anayefichuliwa kwa mkono amekwisha kuchelewa.

Kuwapima wote mkojo nako kuna tatizo, na hili mwalimu wa hisabati aweza kulichukua darasani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, shule ina wasichana 500, na kati yao 2 ni wajawazito. Tuseme tena kwamba kijiti humkosea mtu 1 kati ya 100 wasio na mimba. Wasio na mimba ni 498. Karibu 5 kati yao wataonyeshwa mistari miwili. Wataitwa ofisini wasichana 7, na 5 kati ya hao hawana kitu. Kijiti kilekile kikitumiwa na msichana mmoja mwenye sababu ya kujipima hutoa jibu la kutegemewa. Kikipitishwa kwa mamia ya watu wasio na sababu yoyote, majibu yake mabaya huzidi mazuri. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu hushangazwa na hesabu hii kila mwaka.

Zaidi ya hayo, mtu anayejua kwamba jibu litapelekwa kwa mwingine hutafuta kukikwepa kipimo. Huazima mkojo wa rafiki. Huugua siku ya kupima. Huacha shule kabla hajaachishwa. Au, lililo baya kuliko yote, hutafuta mtu wa vichochoroni wa kumtoa mimba kwa dawa na vitu visivyofaa, akaletwa hospitali akiwa na homa na damu. Hapo kipimo hakina tena faida, si kwa sababu kingamwili zake ni mbovu, bali kwa sababu anayehitaji kupimwa hayupo. Mimi naiona siri kuwa sehemu ya kipimo, sawa na ule mstari wa C: usipokuwapo, jibu halifai.

SHERIA ILIVYOBADILIKA

Hofu ya yule mwandishi haikutoka hewani. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa hivyo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Kenya ilikuwa imewaruhusu kurudi tangu 1994, na Zanzibar tangu 2010. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, waweza kurejea katika shule za kawaida, na waraka wa elimu ukatolewa. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwalazimisha wasichana kupimwa mimba shuleni kunavunja haki zao, ikaitaka Tanzania ikomeshe jambo hilo.

Waraka husafiri upesi kuliko mazoea. Nimekutana na walimu ambao hawajausoma, na wazazi wengi zaidi ambao hawajausikia. Wala si jambo la watu wachache: Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wamewahi kupata ujauzito.

JIBU LA KARATASI ILE

Niliporudi Kiwalani nililijibu swali la herufi ndogo mbele ya wote, nami nalirudia hapa.

Kazi ya muuguzi na daktari ina maadili yanayomfunga asitoe habari za mgonjwa. Zahanati haina wajibu wa kuipelekea shule jibu la kipimo chako. Vituo vingi vya serikali vina huduma rafiki kwa vijana. Uliza mapokezi kwa maneno hayohayo, "huduma rafiki kwa vijana," wala huna haja ya kueleza shida yako mbele ya foleni. Ukiona chumba hakina faragha, una haki ya kuomba mlango ufungwe. Kama hutaki kupimwa mtaani kwenu, ambako muuguzi huenda akawa jirani ya mama yako, panda daladala uende mtaa mwingine. Kijiti nacho huuzwa katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari.

Lakini sitakudanganya kwamba siri haina mpaka. Kwa sheria ya mwaka 1998 mwanamume anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ametenda jinai, na marekebisho ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Hivyo mhudumu akiona umedhulumiwa, aweza kumwita afisa ustawi wa jamii. Kazi ya afisa huyo ni kukulinda. Kukuorodhesha ofisi ya mwalimu mkuu si kazi yake. Muulize mhudumu mapema, kabla hujaeleza: "Nikikuambia, utamwambia nani?" Mhudumu mwema atakujibu waziwazi.

Kama ulilazimishwa, usingoje hedhi ichelewe ndipo uende. Nenda hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI haisaidii baada ya hapo, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema. Usianze kwa kuoga wala kufua nguo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, haitozwi fedha.

Baada ya hapo mwalimu wa biolojia aliniambia kwamba sanduku la chaki sasa limewekwa katika maktaba, na hulifungua kila Ijumaa. Karatasi ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya swali la chura: kama jike hutaga mayai akidungwa mkojo wa mjamzito, je, dume naye hufanya nini? Swali zuri. Mwaka 1947 Carlos Galli Mainini wa Argentina aliwadunga madume wa chura wa nchi yake, akaona kwamba katika saa chache hutoa mbegu zao, zikaonekana wazi chini ya hadubini.